Shule imefungwa, sasa nani atawafundisha watoto kusali

Imeili iliingia jioni moja ya mwezi wa pili, mi najiandaa kwenda zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Ilikuwa ya upole mno, na mtu yeyote aliyekaa Marekani miaka kadhaa anajua kwamba wakikuandikia kwa upole namna ile kuna kitu kinakatwa. Shule ya parokia yetu hapa Philadelphia inafungwa mwezi wa sita. Wanazishukuru familia zote, wanatuombea wote, na fomu ya kuhamisha mtoto ipo hapo chini. Nikaisoma mara mbili kwenye basi nikamtumia baba watoto, akajibu neno moja tu, "Duh".

Wiki iliyofuata tukaitwa kwenye mkutano. Ukumbi wa chini ya kanisa, vile viti vya chuma vya kukunja, kahawa na donati za bure ambazo hakuna aliyekuwa na hamu nazo. Paroko akasoma hesabu, watoto 127 kwenye jengo lililojengwa kwa ajili ya watoto karibu elfu, paa linavuja, mtambo wa kupasha joto ni wa zamani kuliko yeye, na kuna deni. Akasimama babu mmoja, mzungu mwenye asili ya Ireland, ambaye hana hata mjukuu pale shuleni maana wajukuu wake wote wapo nje ya mji huko. Akasema yeye alisoma pale miaka ya 50, darasani walikuwa watoto zaidi ya 60 na sista mmoja tu na hakuna aliyepiga kelele, alafu sauti ikamkwama kidogo akauliza, sasa nani atawafundisha watoto kusali?

Ukumbi ukawa kimya. Na mimi nilikaa kimya ila moyoni nilisikia kama kicheko hivi, Mungu anisamehe, maana swali lilelile babu yangu mzaa mama alishaliuliza kule Mbinga, kusini mwa Tanzania, mwaka 1970, na nyumbani kwetu limesimuliwa mpaka likawa utani.

Babu alikuwa mwalimu wa misheni. Kwa sisi watu wa kule milimani, misheni maana yake Wabenediktini wa Peramiho, wale waliofika 1898 wakajenga kanisa, hospitali, karakana, mashule, mpaka mitambo ya kuchapa vitabu. Na mwalimu wa misheni alikuwa ndo kila kitu, asubuhi anafundisha hesabu, mchana anafundisha dini, Jumapili padre asipofika yeye ndo anaongoza ibada, mshahara kiduchu lakini akipita njiani watu wanashuka kwenye baiskeli. Alafu likaja Azimio la Arusha mwezi wa pili 1967, mwezi wa tatu ikatoka Elimu ya Kujitegemea, 1969 ikapitishwa sheria ya elimu, na kufika 1970 shule za misheni zikawa za serikali. Kanisa likabaki na seminari. Na aliyezichukua hakuwa mpagani wala mkomunisti kutoka Urusi, ni Mwalimu Nyerere mwenyewe, mkatoliki wa misa, ambaye kabla ya siasa alishafundisha St. Mary's Tabora na baadaye St. Francis Pugu. Babu alikuwa hajui amlaumu au amwombee, kwa hiyo akawa anafanya vyote viwili.

Nilivyokua nikaja kuelewa sababu, na siwezi kuandika habari hii kama vile tulidhulumiwa tu. Mtoto wa Kiislamu wa Kilwa au Tunduru angefikaje sekondari wakati karibu kila shule ya maana ina msalaba mlangoni, na baba yake anaogopa mtoto ataondoka anaitwa Juma atarudi anaitwa Petro? Hofu ile haikuwa ya kubuni. Nchi ilikuwa changa na viti vya sekondari vilikuwa vya kuhesabu, na sisi tulikuwa tumekalia vingi.

Lakini babu aliona jambo moja tu, kwamba Kanisa linaishia kwenye kizazi kile. Akamwambia bibi, sasa nani atawafundisha watoto kusali? Bibi, inasimuliwa, alikuwa anapepeta mahindi, wala hakuinua kichwa, akasema, "Wewe nawe. Kwani mimi nimekufa?"

Mi nimesoma shuleni palepale alipofundisha babu, ishakuwa ya serikali muda mrefu. Sikufundishwa na sista hata siku moja. Dini tulifundishwa na katekista, Jumatano baada ya masomo na Jumamosi, chini ya mti, kipande cha mhogo mkavu ndo chaki. Jamani yule mzee hakuwa na elimu kubwa, darasa la saba la zamani, malipo yake ilikuwa debe la mahindi au maharage watu wakivuna, na kuna mwaka parokia ilimpa baiskeli ikawa sherehe kijiji kizima. Katekisimu yote aliijua kwa kichwa. Na fimbo pia aliijua, sitaki kudanganya, kuna swali la sakramenti nilikosea nikachapwa mpaka leo nikisikia neno "mpako" mkono unawasha. Ila akiumwa mtu usiku yeye ndo anaitwa kabla ya padre, kwa sababu padre yupo kilometa ishirini na yeye yupo hapo nyuma ya migomba, na sisi watoto tulikuwa tunamwona. Tunamwona analima, tunamwona anadaiwa dukani, tunamwona anapiga magoti.

Alafu kulikuwa na jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, wale wa AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo ndo ziwe msingi wa Kanisa, nyumba kumi kumi na tano zinakutana kila wiki zinasoma Injili pamoja. Kwa watoto maana yake ilikuwa kuamshwa alfajiri Jumamosi na kwenda kukaa kwenye mkeka mbele ya watu wazima, kwa zamu nyumba kwa nyumba. Nilichukia sana. Lakini pale ndo niliwaona baba wawili waliogombania mpaka wa shamba la kahawa mwaka mzima wakipeana mikono, mmoja ameuma meno kabisa, na mama mmoja akaanza wimbo haraka kabla hawajabadili mawazo. Hakuna kipindi shuleni kingenifundisha kitu kile. Na babu akaishi mpaka akaona Jimbo la Mbinga linazaliwa 1986 kutoka Songea, miaka kumi na sita baada ya Kanisa "kwisha". Bibi alimkumbusha kila Noeli.

Sasa turudi Philadelphia, maana huu mji kwenye habari ya shule za kikatoliki ndo kama Bagamoyo yetu, pale misheni ilipoanzia. Mwaka 1844 watu waliuana hapa na makanisa mawili yakachomwa moto, St. Michael na St. Augustine, na kisa kimojawapo ilikuwa Biblia. Kwenye shule za umma watoto walisomewa Biblia ya Kiprotestanti, askofu akaomba watoto wa kikatoliki waruhusiwe kutumia ya kwao, wenyeji wakaona hawa maskini wa Ireland wanataka kututolea Biblia shuleni, moto ukawaka. Baada ya hapo wakatoliki wakasema basi, tutajenga za kwetu. John Neumann, mhamiaji kutoka Bohemia, akawa askofu 1852 akazipanga shule za parokia ziwe mfumo mmoja wa jimbo, akafa 1860 kwa kudondoka barabarani. Mwili wake upo hapa mjini chini ya altare ndani ya kioo. Nilimpeleka binti yangu akiwa na miaka saba, akamwangalia weee, alafu akaniuliza kwa sauti kubwa kama yule mtu amelala au wanatudanganya.

Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani wakakaa Baltimore wakaagiza kila parokia iwe na shule ndani ya miaka miwili. Haikutimia kila mahali lakini zilijengwa nyingi sana, mpaka miaka ya 60 kulikuwa na shule karibu 13,000 na watoto zaidi ya milioni 5. Leo ni chini ya 6,000, watoto kama milioni 1.7. Hapa Philadelphia mwanzoni mwa 2012 ilitangazwa kwa mpigo kwamba zaidi ya shule 40 za msingi na sekondari nne zifungwe au ziunganishwe, watu wakalia, wakachanga, zile sekondari nne zikaokolewa mwezi uliofuata. Za msingi nyingi zikaenda. Ikaja korona, ndani ya mwaka mmoja tu nchi nzima zikafungwa au kuunganishwa zaidi ya 200.

Ukiwauliza wazee wa parokia kwa nini, kila mtu ana mchawi wake. Wengine wanasema Vatikani ya Pili, ule mtaguso wa miaka ya 60 uliobadili mambo mengi kanisani. Wengine wanasema zile kesi za mapadre na watoto na fidia zake, na hapo sina la kumtetea mtu. Wengine wanasema mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na kweli mwaka 1971 ilizima mpango wa serikali ya jimbo hilihili la Pennsylvania wa kuchangia mishahara ya walimu wa shule za dini. Watu walihamia nje ya mji, wanazaa watoto wawili badala ya saba, zikaja shule nyingine za bure. Yote kweli. Lakini mimi kama mwanamke ninayelipwa kwa saa kuna kimoja kinanikaa kooni, na kwenye mikutano hakisemwi sana. Zile shule zilikuwa rahisi kwa sababu masista hawakulipwa. Mwaka 1950 walimu tisa kati ya kumi walikuwa watawa, wengi wao masista, wanafanya kazi kwa chakula na posho kidogo, wanaishi kumikumi kwenye nyumba moja nyuma ya shule, na ndo maana mtoto wa kibarua wa bandarini alisoma karibu bure. Miaka ya 60 katikati nchi hii ilikuwa na masista kama 180,000, leo hawafiki 40,000 na wengi ni wazee. Nimewahi kuwaogesha kazini wawili watatu. Mmoja alifundisha miaka arobaini na moja, hana nyumba, hana mtoto, akiba haipo, na ukimkosea sarufi bado anakurekebisha na sabuni usoni.

Walipoisha, ikabidi aletwe mwalimu mwenye familia na kodi ya nyumba, anataka mshahara kama mtu mwingine yeyote, na ni haki yake. Ada ikapanda. Ilipopanda wale maskini ambao shule zilijengwa kwa ajili yao wakatoka, wakabaki wenye nacho, na mwenye nacho anataka kujua maabara ikoje na mtoto ataingia chuo gani.

Na msidhani Bongo tumepona. Ndugu yangu mmoja Dar analipa mamilioni mtoto asome bweni kwa masista, ukimuuliza kwa nini anasema kiingereza, nidhamu, divisheni wani. Dini haimo kwenye tatu bora. Yeye mwenyewe jumuiya haendi, mchango wake anatuma kwa M-Pesa na mwenyekiti wa jumuiya anamjua kwa jina la kwenye muamala. Mtoto akirudi likizo anasali kabla ya kula, baba ameshika rimoti anasubiri amalize. Sasa mtoto gani mjinga hapo, si anaona kabisa kwamba kusali ni kitu cha shuleni kama kuvaa soksi ndefu.

Nawasema wao lakini mi ndo walewale. Nilikuwa nalipa dola 6,200 kwa mwaka kwa mtoto wa kwanza na punguzo kidogo kwa wa pili, baba watoto anaendesha lori, mimi nabeba boksi kwa staili ya kubeba wazee, na kwa sababu hela ilikuwa inauma nikaona basi na imani imo humohumo kwenye risiti. Jumapili nikitoka zamu nalala. Rozari ipo, imening'inia kwenye kioo cha gari. Watoto wanajua Baba Yetu kwa kiingereza, kwa Kiswahili wanaishia "mbinguni". Yaani bibi yangu ambaye hakujua kusoma aliwapa watoto tisa kitu ambacho mimi mwenye vyeti nilikuwa namlipa mtu mwingine awape wawili.

Kuna mwanasosholojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Notre Dame, Christian Smith, ambaye amechunguza vijana na dini kwa miaka mingi, na anachokisema kinaweza kusemwa na bibi yeyote wa Umatengo. Kinachoamua zaidi kama mtoto atabaki na imani ni wazazi, kuliko shule, kuliko padre, kuliko kikundi cha vijana. Siyo wazazi wanahubiri nini, ni wanaishi vipi na wanaongea nini siku za kawaida. Na takwimu za 2014 za Pew, taasisi ya utafiti ya hapa, zilionyesha hapa Marekani kwa kila mtu mmoja anayeingia ukatoliki zaidi ya sita wameondoka, na ndani ya hao wapo wengi tu waliosoma shule zetu, mpaka wale wa darasa la watoto 60 na sista mmoja. Yule babu wa mkutanoni aliniambia mwenyewe kwenye foleni ya kahawa, watoto wake wanne wote walipita pale, na anayeenda misa ni mmoja. Nikataka kumuuliza, sasa mzee wangu kilichofungwa leo ni nini hasa? Sikuuliza. Ana miaka themanini na kitu na alikuwa ameshika picha ya darasa lake.

Kwa hiyo wakati watu wanachangisha kuokoa shule, na nilichanga dola hamsini msinicheke, mi nilikuwa nimekwama kwenye swali la binti yangu. Ana miaka kumi na tatu. Tulikuwa jikoni siku chache baada ya ile imeili, akaniuliza, kwa kile kiingereza chake cha haraka kisicho na salamu, hivi mama wewe unaamini kweli au ni mambo ya Tanzania tu, kama ugali? Nikamjibu kwa ukali, unaongea na nani hivyo, nenda kamalize homuweki. Akaenda. Sufuria ikaungua.

Sikuwa na jibu ndo maana nikawa mkali. Mbinga hakuna aliyewahi kuniuliza. Usingeuliza, kama vile usivyouliza kwa nini tunaongea Kimatengo. Nilidhani nina imani, kumbe labda nilikuwa na kijiji, na kijiji sikupanda nacho ndege.

Jibu lenyewe nilikuja kulitoa bila kupanga, wiki mbili tatu mbele. Nimerudi asubuhi, yeye anakula siriali, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia kuna bibi amefariki usiku, tumempigia simu mtoto wake yupo Arizona hakuwahi, nikakaa naye mimi, nikamshika mkono nikamsalia Salamu Maria kwa Kiswahili kwa sababu kwenye mambo ya kifo kiingereza huwa kinaniacha. Akaniuliza, alikusikia? Nikasema sijui. Sasa kwa nini ulisali? Nikasema kwa sababu naamini kuna aliyesikia. Akasema okei, akarudi kwenye simu yake. Nikaona basi, imepita hiyo. Siku mbili baadaye tupo kwenye gari, kimya, akaniuliza yule bibi alikuwa anaitwa nani.

Shule ilifungwa mwezi wa sita kama walivyosema. Misa ya mwisho ilijaa kuliko Pasaka, waliosoma zamani walikuja mpaka kutoka Florida, wakapiga picha, wakalia, wakaondoka. Madawati yaliuzwa. Wanangu wako shule ya umma sasa, hawajafa, wa pili amepata hadi rafiki Mwislamu kutoka Mali wanayebishana naye nani anafunga kwa ukali zaidi, na tuseme ukweli Kwaresima yetu hapo haina ushindani.

Kilichobaki parokiani ni mafundisho ya Jumatano jioni kwa watoto walioko shule za umma. Mwezi wa tisa paroko alisimama baada ya komunyo akasema hana walimu, anaomba wazazi wajitolee. Nikaangalia chini kama watu wote. Alafu nikamwona binti yangu ananiangalia.

Kwa hiyo ndo hivyo, mi ni katekista. Nina watoto wanane wa darasa la tatu, Wameksiko wanne, Mvietinamu mmoja, ndugu wawili Wahaiti, na kamzungu kamoja ambako hakatulii. Tumepewa chumba kilekile cha shule, saa ya ukutani imesimama, ubao upo na chaki za kweli zipo. Lafudhi yangu wanaicheka. Wiki ya kwanza niliuliza nani anajua kufanya ishara ya msalaba, wakainua mikono watatu. Hela hakuna, ila mama wa wale Wahaiti juzi kaniletea wali na maharage kwenye kontena, nikamkumbuka mzee wa debe la mahindi. Binti yangu anakuja kunisaidia kugawa karatasi, anasema ni kwa ajili ya masaa ya kujitolea wanayodai shuleni kwao. Sijamuuliza zaidi. Jumatano hii ni amri ya nne, waheshimu baba na mama yako, na mpaka saa hizi sijaandaa kitu.